Unga wa kijani (mzunze, spirulina na wenzake) kwenye sufuria zetu za Pwani: tuongee ukweli

JikoLaMaweni (mwanzisha uzi, Malindi)

Asalamu alaikum, hamjambo jamaa wote. Nimeona niufungue uzi huu kwa kuwa swali ni moja kila niendapo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Malindi, na mchana napika chakula cha kuuza. Nikipita majumbani naulizwa, nikiwa jikoni naulizwa: huu unga wa kijani unaouzwa kila mahali siku hizi, tuutumie? Kuna wa mzunze (ndugu zetu wa Tanzania wanauita mlonge), kuna wa spirulina, kuna wa majani machanga ya ngano, na kuna ile mikebe ya ng'ambo yenye mchanganyiko wa vitu chungu nzima, bei yake mtu angelisha nyumba wiki nzima.

Jibu langu ni ndiyo, tuutumie, na wa mzunze kwanza kwa sababu mti uko uani. Ila tukubaliane tangu mwanzo kwamba unga huo ni mboga iliyokaushwa. Ukishauweka hapo, utajua uutie wapi, kiasi gani, uule na nini, na maneno gani ya muuzaji usiyalipie hata shilingi.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu wanapopotezwa. Mnalijua lile bango: mzunze una vitamini C mara saba ya chungwa, kalsiamu mara nne ya maziwa, vitamini A mara nne ya karoti. Hesabu hiyo inapima gramu kwa gramu. Jani bichi la mzunze ni maji robo tatu ya uzito wake au zaidi. Ukilikausha, maji yanatoka na vingi vilivyobaki vinakaa vimejazana, kwa hiyo gramu 100 za unga zinaonekana za ajabu: protini kama gramu 25, kalsiamu karibu miligramu 2,000, madini ya chuma karibu miligramu 28. Namba hizo si uongo. Lakini ni nani anayekula gramu 100 za unga wa mzunze? Kijiko cha mezani kilichojaa kina gramu 8 hivi. Kijiko hicho kinakupa protini gramu 2, kalsiamu miligramu 160, na chuma miligramu 2 na kitu.

Kalsiamu miligramu 160 si haba. Glasi ya maziwa ina kama 300, kwa hiyo kijiko kimoja kinakaribia nusu glasi, ingawa sehemu ya kalsiamu ya majani mwili hauipati yote. Kwa nyumba ambayo maziwa huonekana ndani ya chai tu, hiyo ni faida ya kweli na naipigia debe bila kusita. Protini gramu 2 ni kidogo, yai moja lina 6. Ndiyo maana nasema mbaazi, kunde na samaki wasiondoke sahanini.

Vitamini C ndiyo inayonikera kwenye lile bango. Imo kwenye jani bichi, na ukishalikausha na kulisaga nyingi imekwenda. Unga mkavu hubaki na kama miligramu 17 kwa gramu 100, maana yake kijiko kina moja na nusu hivi. Chungwa moja la wastani lina kama 70. Mji wetu wenyewe ni shahidi: Januari 1499, Vasco da Gama aliporudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wake wameshikwa na kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), alipotia nanga hapa Malindi alituma mtu pwani akalete machungwa ya wagonjwa. Vitamini C ilikuwa kwenye tunda bichi wakati ule, na mpaka leo iko huko huko: ndimu, chungwa, pera, embe. Nao unga wa ubuyu, ule mweupe usiotiwa sukari na rangi, unayo nyingi kuliko unga huu wa mzunze.

Sasa chuma, ambayo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wajawazito 100 duniani, kama 37 wana upungufu wa damu. Naingia kwenye nyumba nakuta mama mjamzito amepauka viganja, vidonge vya kliniki viko kabatini hajavigusa kwa sababu vinamkoroga tumbo, na kando yake kuna kopo la unga wa kijani aliloambiwa linatosha. Halitoshi. Kidonge kile cha chuma na asidi ya foliki tunachopewa bure kliniki kina chuma miligramu 60. Kijiko cha unga kina 2. Tena chuma ya majani mwili huipokea kwa shida, sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia. Dada yangu mjamzito unayesoma hapa, meza kidonge chako baada ya chakula cha usiku ukalale nacho, na unga utie kwenye mboga. Vyote viwili.

Na kuna adui tunayemkaribisha wenyewe: chai. Sisi watu wa Pwani mlo bila chai au kahawa tungu hatuuoni umekamilika. Chai inaifunga chuma ya majani ndani ya tumbo, haiingii mwilini. Ukiukoroga unga wako wa mzunze kwenye mbaazi za asubuhi halafu ukashushia mahamri na chai ya rangi, kazi kubwa umeiharibu hapo hapo. Hamisha unga uende mlo wa mchana au wa usiku, kamulia ndimu, na chai isubiri kama saa moja. Ndimu inaisaidia chuma kuingia. Badiliko hilo dogo linazidi faida ya kununua mkebe wa bei kubwa.

Upande wa vitamini A sisi tuna bahati ambayo hatuijui. Ile iliyomo kwenye majani inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Mtu anayeukoroga unga kwenye glasi ya maji baridi asubuhi na kuugida huku amefumba macho anapoteza sehemu kubwa yake. Bibi zetu walipotia mchicha, kisamvu na matembele kwenye tui la nazi walikuwa wanafanya jambo sahihi kabisa. Basi unga nao uingie kwenye tui.

Ninavyofanya jikoni kwangu: mchuzi wa samaki ukishaiva, natoa sufuria motoni, nachota mchuzi kidogo kwenye bakuli, nakoroga unga humo mpaka usiwe na madonge, kisha narudisha ndani pamoja na tui zito la mwisho. Usiuchemshe muda mrefu, unakuwa mchungu na rangi inakuwa ya kahawia. Kijiko cha chai kwa kila mlaji ndicho kianzio. Kwenye kunde za nazi haujulikani kabisa. Kwenye pojo pia. Kwenye unga wa viazi vya karai unapendeza, madoa ya kijani yanaonekana kama kotimiri na wateja hawaulizi. Kwenye wali wa nazi siupendi, unaharibu sura na harufu, wali tuuache.

Karibuni, ulizeni.

---

BabaWatatu (Malindi)

Dada shukran sana. Mimi nina watoto watatu na yule wa katikati akiona kitu cha kijani anasukuma sahani. Mama yao alitia unga kwenye sima, sima ikawa kijani, ikawa vita. Tufanyeje? Na yule mdogo ana miezi mitano, naye apewe?

---

JikoLaMaweni

Kaka, wa miezi mitano asipewe kitu chochote isipokuwa maziwa ya mama mpaka atimize miezi sita. Hata maji. Akishaanza kula, anza na mboga laini iliyopondwa, na unga wa mzunze ubanwe kidogo kwa ncha ya kijiko kwenye uji, uangalie tumbo lake. Unga mwingi unaharisha.

Kwa yule wa katikati, sima muacheni iwe nyeupe. Unga unataka vyakula vyenye rangi yake tayari: maharagwe, mchuzi wa nyanya, uji wa wimbi ambao ni mweusi-mweusi hata hivyo. Kwenye chapati ukitia kijiko kimoja kwa unga wa kilo nzima, ukakandia na tui badala ya maji, hatagundua. Na msimfiche milele. Mpeleke uani achume yeye majani, ayakwanyue mwenyewe. Mtoto anayechuma hula.

Halafu mpelekeni kliniki kila miezi sita kwa matone ya vitamini A mpaka atimize miaka mitano. Unga hauchukui nafasi ya matone.

---

MwanaAmu (Lamu)

Wa alaikum salam. Siswi huku Amu mboga nyingi huya na mashua kutoka Mokowe, zimetoka Mpeketoni na kwengine. Kusi likichafua bahari au njia ikiwa na shida, fungu la mchicha linapanda bei au halionekani kabisa. Wanaume wetu wakienda mbali na jahazi hukaa siku kadhaa kwa sima, samaki na chai. Mimi naona huu unga ungetufaa siswi kuliko nyinyi wenye mashamba ya Sabaki hapo mlangoni. Nataka kujua: unakaa muda gani bila kuharibika, na je, unatosha kwa mtu wa baharini asiyeona mboga?

---

JikoLaMaweni

Ndugu yangu wa Amu, umesema neno kubwa. Unga huu unafaa zaidi pale mboga mbichi inapokatika. Mimi hapa soko liko karibu, mchicha, mnavu na mchunga vinaletwa vibichi asubuhi, na mboga mbichi ikiwepo naichagua hiyo. Wewe una kipindi ambacho hakuna, na hapo kopo la unga kavu lina heshima yake.

Kwa wa baharini: unatosha kwa kalsiamu na vitamini A kiasi, hautoshi kwa vitamini C, nimeeleza juu. Kwa hiyo kwenye jahazi wabebe kopo la unga pamoja na kikapu cha ndimu. Embe bichi pia zinakwenda safari bila kuoza haraka, na Amu kwa maembe ngowe hamna mpinzani. Kijiko kimoja cha unga kwenye mchuzi wa samaki, ndimu juu yake, chai baadaye.

Kuhusu kukaa: ukikaushwa vizuri, ukatiwa kwenye kopo lisilopitisha hewa wala mwanga, miezi sita ni salama. Baada ya hapo rangi inafifia, na vitamini A inafifia nayo. Kopo la kioo likae kabatini, hata ukilifunga kwa gazeti ni sawa.

---

MbioZaGede (Gede)

Mimi hukimbia na kuinua vyuma, kocha ameniambia spirulina ndiyo mambo yote, protini asilimia karibu sitini, na ina vitamini B12 kwa sisi tusiokula nyama sana. Mzunze ni wa akina bibi. Bisheni.

---

JikoLaMaweni

Mwanangu, sikubishii protini. Spirulina kavu ina protini kama gramu 57 kwa kila gramu 100, ni kweli. Sasa pima kijiko chako: gramu 7, unapata protini 4. Kwenye sahani moja ya mbaazi unaipita hiyo mara mbili na pesa inabaki mfukoni.

Na usiidharau asili yake. Spirulina ni viumbe vidogo vya majini vinavyoota kwenye maji ya ziwa lenye magadi. Flamingo wa Bogoria na Nakuru wanaishi kwa hicho. Kule Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu wanaichota, wanaikausha mchangani vipande vipande, wanaiita dihe, na wanaitia kwenye mchuzi wa kila siku. Ona walivyoiweka: kwenye mchuzi. Hao nawaheshimu, ni wapishi wenzangu.

Ila kwenye B12 umepotoshwa. Kilichomo kwenye spirulina kwa sehemu kubwa kinafanana na B12 lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Wewe uko Gede, bahari iko Watamu. Dagaa, ngisi, chaza, yai: B12 iko huko. Mtu ambaye hali kabisa chochote cha mnyama atafute kidonge cha B12, asitegemee spirulina.

Na kama utaendelea kuinunua, nunua iliyopimwa na kuwekwa alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Vitu hivi vikivunwa kwenye maji machafu vinaweza kuwa na sumu inayoumiza ini, na kwa macho huwezi kuona.

---

MuuzaMajani (Malindi)

Mtanisamehe, lakini mnatuharibia riziki. Mimi nauza unga wa mzunze, nakausha mwenyewe, wateja wangu wa sukari na presha wanarudi kunishukuru. Mzunze unatibu maradhi mia tatu, wazee wamesema. Hao wa kliniki hawataki tu watu wajitibu.

---

JikoLaMaweni

Kaka yangu, riziki yako naipenda, na mimi mwenyewe nanunua unga kwa wauzaji wa hapa kuliko mkebe wa ng'ambo. Tena unayekausha mwenyewe ndiye ninayekutaka. Lakini hilo la kutibu liondoe kwenye kibandiko chako, nakuomba kwa heshima zote.

Ni kweli majani ya mzunze yamejaribiwa, na baadhi ya majaribio madogo yameonyesha sukari ya baada ya kula ikishuka kidogo. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu wa sukari anameza dawa yake ya metformin au anajidunga insulini, halafu anaongeza vijiko vya unga bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Au ajione nafuu, aache dawa. Presha vivyo hivyo. Muuze mteja wako mboga nzuri, safi, kavu, mwambie namna ya kupika, atarudi mwaka mzima. Ukimuuzia tiba, siku isipotibu umempoteza mteja, na huenda na uhai wake.

---

NesiMstaafu (Lamu)

Naunga mkono, na naongeza kwa waliomo kwenye dawa, someni taratibu.

Anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda: majani ya kijani, hasa yaliyokaushwa, yana vitamini K nyingi, na hiyo inapingana na dawa yako. Usianze unga bila kuonana na anayekupima damu. Mwenye figo dhaifu: potasiamu ya majani makavu si ya kuchezea. Aliyewahi kupata mawe ya figo naye aulize kwanza. Wa sukari na presha dada ameshasema.

Wajawazito: jani lililopikwa kama mboga ni chakula. Mizizi na magome ya mzunze usiyaguse kabisa, yanaweza kulikaza tumbo la uzazi. Nawaona watu wanauza unga wa mizizi, rangi yake ni ya udongo, harufu kali kama haradali. Huo si wa kula.

Hayo tu. Wengine kuleni mboga.

---

MwanaAmu

Bi mkubwa shukran. Dada wa Maweni, mke wangu anauliza namna ya kukausha. Alijaribu mwaka uliopita akaanika juani juu ya dari, ukawa wa kahawia, na uliobaki ukafanya ukungu koponi.

---

JikoLaMaweni

Mpe salamu shemeji, na asome hapa vizuri, kwa sababu hii ndiyo kazi yenyewe na mabango hayaisemi.

Jua ndilo lililoufanya wa kahawia. Mwanga mkali unaua vitamini A na rangi. Ukungu umetokana na unyevu wa hewa ya baharini, na kisiwani ni zaidi ya hapa.

Chumeni asubuhi umande ukishakauka. Chagueni mti ulio mbali na barabara na jalala, maana mizizi hunyonya vilivyomo ardhini. Osheni matawi na majani yake kwenye maji safi ya kunywa mara mbili, yakung'uteni, yaning'inizeni yachuruzike. Kisha fanyeni hivi: yafungeni matawi pamoja ndani ya leso safi, myaache usiku kucha ndani. Asubuhi mkiifungua na kuipiga-piga, vijani vyenyewe vinapukutika, mnabaki na vijiti mkononi. Mnaokoa masaa ya kukwanyua kimoja kimoja.

Hapo tandazeni kwenye chandarua safi kilichonyooshwa juu ya fremu ya kitanda, ndani ya chumba chenye upepo na kivuli, majani yakae tabaka jembamba mpaka muone nyuzi za chandarua. Geuzeni asubuhi na jioni kwa mikono iliyooshwa. Kaskazi likivuma, hewa ni kavu, yanakauka siku mbili tatu. Wakati wa kusi na mvua za masika msijaribu, mtapoteza majani. Kama ni lazima, wekeni feni.

Kipimo cha kukauka ni sikio na vidole. Ukilisugua jani kiganjani liseme "kacha" na kuwa vumbi papo hapo. Likijikunja bila kuvunjika, bado. Likiwa na harufu ya nyasi iliyolala, bado. Ndipo muyatie kwenye kinu kikavu, mtwange, mchekeche, vishina vinavyobaki juu ya chekeche wapeni mbuzi. Kopo nalo liwe limekauka kabisa, kijiko cha kuchotea kisiingie na maji hata tone.

Ukungu ukionekana, mwaga lote. Usichague sehemu nzuri. Kenya hii tulishazika watu kwa ukungu wa chakula: mwaka 2004 mahindi yenye sumu kuvu yaliwaua watu 125 katika wagonjwa 317, wengi wao Makueni na Kitui. Majani hayako mbali na hatari hiyo yakihifadhiwa mabichi-mabichi.

Na uchafu pia si wa kupuuza. Mwaka 2025 kule Marekani baadhi ya bidhaa za unga wa mzunze ziliondolewa madukani kwa sababu ya vijidudu vya salmonela, watu waliugua. Unga huu haujapikwa, ni mkavu tu. Kwa watoto na wazee utie kwenye kitu kinachofuka moshi, usiukoroge kwenye maji baridi.

---

BintiMambrui

Shangazi, Ramadhan je? Tukifuturu nautia wapi? Mama yangu hunywa na maziwa wakati wa daku anasema humpa nguvu za kutwa.

---

JikoLaMaweni

Binti yangu, mama akipendezwa na maziwa na unga, hana ubaya, kalsiamu juu ya kalsiamu. Nguvu za kutwa zinatoka kwenye chakula chenyewe cha daku. Kijiko cha unga kina nishati kidogo sana. Hakikisha kuna mbaazi, yai au samaki hapo.

Kwenye futari mimi naupenda kwenye supu ya kunde, au kwenye uji mwepesi ukishauteremsha. Tende na juisi ya pera au ya ukwaju mezani, chai isogezwe mpaka baada ya taraweh. Kwa anayehitaji chuma, mwezi wa Ramadhan ni mzuri hasa kwa mpango huo, kwa sababu saa za kula ziko wazi na chai unaweza kuipangia wakati wake.

---

MuuzaMajani

Nimesoma yote. Nitaandika "mboga kavu ya mzunze" na namna ya kupika nyuma ya pakiti. Hilo la leso usiku kucha sikulijua, mimi nilikuwa nawalipa vijana wakwanyue. Swali: unga ukisagwa kwa mashine ya posho unaharibika?

---

JikoLaMaweni

Umenifurahisha kaka, kwa dhati. Mashine ya kusaga inafaa, ila inapata joto na mara nyingi imetoka kusaga mahindi ya watu. Omba usage wa kwanza asubuhi baada ya kusafishwa, usage kidogo kidogo usipate moto, upoe kabisa kabla ya kufunga. Ukiufunga una joto, unatoa jasho ndani ya pakiti. Na tarehe ya kukausha iandike juu, mimi nitanunua kwa anayeandika tarehe.

---

MwanaAmu

La mwisho dada. Huku kwetu mti wa mzunze ni nadra mtaani, nyumba zimebanana na viwanja ni vidogo. Mbegu au tawi? Na unaota kwenye mchanga wa pwani?

---

JikoLaMaweni

Unaota mchangani vizuri, unachochukia ni maji yaliyotuama miguuni. Tawi linakupa mti haraka: kata lenye unene wa mkono wa mtoto, urefu wa mita moja, liache kivulini siku chache jeraha likauke, kisha zika theluthi yake. Mbegu inatoa mzizi mrefu unaoshika ardhi na kuvumilia kiangazi, lakini inataka subira kidogo. Kwenye uani mdogo kama wa Amu usiuache upande juu. Ukifika kifuani ukate kichwa, utachanua matawi mengi ya upande na utachuma bila ngazi. Hata pipa kubwa lililotobolewa chini linatosha kwa mti mmoja wa mboga ya nyumba moja.

Mimi nakata matawi ya mti wangu kabla ya masika kuanza. Nitumie ujumbe faraghani, nitayafunga kwenye gunia lenye unyevu yaje na basi mpaka Mokowe, wewe tafuta mtu wa mashua wa kuyavusha. Yakifika, yasilale juani.